Ukienda Ukara, Funga Mzigo Mwepesi

Watu wa Mabogini tunasafiri. Wako waliooza binti zao mbali. Wako wanaofuata biashara ya dagaa. Wako wanaokwenda kuzika. Leo tuzungumze juu ya safari moja ndefu, ya kwenda kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Hasa tuzungumze juu ya mzigo: nini cha kufunga na nini cha kuacha nyumbani.

Kutoka Moshi mjini unapanda basi. Unapita Arusha, Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, unafika Mwanza. Hapo unapanda meli hadi Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe. Kutoka Nansio unakwenda kwa gari hadi Bugolora. Kisha unavuka tena maji, kwa kivuko, ndiyo unafika Bwisya, Ukara. Basi mzigo wako utapandishwa na kushushwa mara nyingi, na mara mbili utakuwa juu ya maji.

Sasa hebu tuufungue mzigo wa mtu wa kwetu. Tunakuta gunia la mchele, maana hatuendi ugenini mikono mitupu. Tunakuta mkungu wa ndizi, begi la nguo na koti zito. Kwenye basi mzigo huu ni usumbufu tu. Kwenye maji ni jambo jingine.

Tufanye hesabu kidogo, kama tulivyojifunza darasani. Tani moja ni kilo 1,000. Tuseme kivuko kina abiria 100, na kila mmoja ana gunia moja la kilo 100. Mara 100 kwa 100 ni kilo 10,000, yaani tani 10. Hapo hatujapima watu wenyewe, wala saruji na mahindi ya wafanyabiashara. Kila abiria anasema, "Changu ni kimoja tu." Lakini kivuko kinabeba vyote.

Tena uzito peke yake siyo shida yote. Mwangalie mama aliyejitwisha ndoo kichwani. Akisimama wima, anakwenda vizuri. Akiinama upande mmoja, ndoo inamvuta. Chombo cha majini kiko hivyohivyo. Mzigo ukirundikwa juu, au watu wote wakisimama na kukimbilia upande mmoja, chombo kinalala. Kikilala sana hakiinuki.

Haya yalitokea hukohuko tunakokwenda. Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Bwisya. Ilikuwa siku ya gulio, watu wanarudi na mizigo yao. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba abiria 101 na mizigo tani 25. Siku ile kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wanaona kwa macho. Watu zaidi ya 220 walikufa.

Sisi tuliojifunza kusoma tuna kazi hapa. Chombo kina idadi yake ya abiria. Itafute ilipoandikwa, uisome. Usipoiona, uliza. Kisha watazame watu waliopanda. Ukiona wamezidi, shuka, hata kama umelipa nauli. Nauli hulipwa tena. Hakikisha pia jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria, na lako mwenyewe, siyo la jirani.

Basi tufunge upya. Gunia la mchele liache. Chukua kilo tano za mchele mzuri wa majaruba yetu, zitapokelewa kwa furaha na wenyeji waliozoea ugali wa muhogo na samaki. Ndizi zitaivia njiani, ziache. Nguo ziwe chache. Koti zito na viatu vya mpira usivivae ndani ya chombo, maana vikilowa vinakuvuta chini. Jaketi la kuokoa maisha ndilo la kuvaa. Ulivae mapema, usingoje mawimbi.

Kitu kizuri kuliko begi ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Haipitishi maji kwa urahisi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usiitegemee. Kadi ya bima na kitambulisho vifunge vizuri, ukae navyo mwilini. Fedha usiweke mahali pamoja.

Dawa ndizo za kwanza kufungwa. Anayetumia dawa za presha, sukari, kifua kikuu au VVU achukue za siku zote za safari, na za wiki moja zaidi. Upepo ukichafuka ziwani, vyombo havisafiri, na wewe utakaa upende usipende. Usiziweke kwenye buti ya basi. Chukua na chandarua chenye dawa. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi kuliko mkoa wetu.

Kisha kuna kichocho. Sisi watu wa mpunga tunakijua. Kule ziwani kuna kichocho cha tumbo, ambacho huharibu ini polepole bila mtu kujua. Wadudu wake hutoka kwa konokono waliopo ufukweni, wakaingia mwilini kupitia ngozi. Kwa hiyo usioge ziwani, hata ukiona watoto wanacheza humo. Chukua beseni dogo, oga maji yaliyochemshwa. Ya kunywa pia yachemshwe. Ukiwa umeingia ziwani, ukirudi mweleze mganga wa zahanati.

Wakulima wabebe daftari na kalamu. Wakara hufuga ng'ombe nyumbani na kuwaletea majani, kama ndugu zetu wa mlimani, na samadi yote huenda shambani. Tangu zamani hupanda mimea ya jamii ya kunde katikati ya uwele ili kurutubisha udongo. Uliza, uandike. Lakini usirudi na vipando vya muhogo, hata wakikupa bure. Kanda ya Ziwa ina batobato na michirizi kahawia, na magonjwa hayo husafiri ndani ya kipando kinachoonekana kizima. Na migomba yetu usiipeleke kule, wala ya kule usiilete.

Wakati wa kurudi, ndoo ile itakuwa na nafasi. Nunua dagaa waliokauka sawasawa. Wavunje kwa vidole kwanza: wakikatika kwa sauti ni wakavu, wakipinda waache, maana hadi Mabogini ni karibu siku mbili.