Bandari za Kale: Nani Bingwa wa Pwani?

Meli za kitalii hushusha wageni Mombasa na Unguja, na Pemba zikaipita kwa mbali. Haya, tuzishindanishe bandari, tuone ni nani aliyepitwa bure.

1. Vita vifupi kuliko vyote duniani: Unguja

Tarehe 27 Agosti 1896, saa 3:02 asubuhi, manowari za Uingereza zilianza kulipiga jumba la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani. Saa 3:40 kazi imekwisha, Sayyid Khalid amekimbilia kwa Wajerumani. Dakika 38! Mechi ya uwanja wetu wa Gombani, Pemba, ingeanza saa ile ile, refa angekuwa hajapuliza kipenga cha mapumziko.

2. Mazingiwa marefu: Mombasa

Unguja wanahesabu dakika, Mombasa wanahesabu miezi. Waomani waliizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno, Machi 1696, wakaingia ndani Desemba 1698. Miezi 33. Askari wengi waliokuwa ndani hawakufa kwa risasi bali kwa maradhi na njaa.

3. Jumba kubwa: Kilwa Kisiwani

Husuni Kubwa, kazi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14: vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea la pembe nane juu ya jabali, bahari iko chini. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Hoteli ngapi za Chake Chake, Pemba, zikiunganishwa zitafika vyumba hivyo? Usinijibu.

4. Mji mkongwe usiohamwa: Lamu

Kilwa ni magofu. Lamu watu wamelala, wameswali na kupika mle mle kwa zaidi ya miaka 700. UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

5. Maji marefu: Mkondo wa Pemba

Sasa zamu yetu. Kati ya Unguja na bara maji ni ya mita 60 hivi. Kati ya Pemba na bara ni mita 800 hivi! Lisimamishe humo jengo la Burj Khalifa la Dubai, mita 828, itabaki ncha tu ya kufungia dau.

6. Hazina nono: Mtambwe Mkuu

Mwaka 1984, papa hapa Pemba, ng'ambo ya ghuba ya Wete, wachimbuzi walifukua sarafu zaidi ya 2,000. Nyingi ni za fedha, vijisarafu visivyozidi ukucha wa kidole gumba, vyenye majina ya watawala wa pwani hii hii. Pamoja nazo dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimi wa Misri. Wafalme wetu walikuwa wakipiga sarafu zao karne nne na zaidi kabla Vasco da Gama hajaiona Mombasa mwaka 1498.

Kombe ni la Pemba. Anayebisha apande mtumbwi pale Wete, avuke hadi Mtambwe akajionee.