Njia ya Kinkondja tuiandike namna gani kwenye ramani?

Mutu wa Kinkondja akitaka kupeleka samaki yake Bukama, hajiulize kama njia ni ya daraja la kwanza ao la tatu. Anauliza: « Mvula imenyesha? Muto umejaa? Bwato inatoka saa ngapi? » Lakini mwenye kutuma dawa, yeye anakaa mbali, Lubumbashi, Kinshasa ao Ulaya. Yeye anaangalia ramani. Na kile ramani inasema ndicho anachofuata.

Ramani hiyo mara nyingi ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Haina mwenyewe mumoja: kila mutu anaweza kuchora njia kwa kuangalia picha za satelite, ao kwa kutembea na telefone yake. Sisi watu wa Katanga tunaijua. Mwaka 2014, wakati mpango wa Missing Maps ulipoanza, Lubumbashi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuchorwa.

Kuchora musitari ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuupa daraja. Majina ya madaraja yalikopwa kwa barabara za Uingereza, kule ambako njia kubwa ni ya lami na njia ndogo pia ni ya lami. Kuna hata jina moja ambalo maana yake ni « isiyo na daraja ». Kwa Waingereza, hiyo ni njia ndogo ya kuunganisha vijiji, yenye kujulikana vizuri. Huku kwetu wengi wanazani ni njia ambayo haijajulikana bado!

Tena kila inchi iko na hesabu yake. Tanzania, TANROADS inashugulikia barabara kuu na za mikoa, na tangu mwaka 2017 TARURA inashugulikia za vijijini na mijini. Kongo tuko na njia za taifa, njia za jimbo, na zile za kutosha mavuno mashambani, ambazo tunaita desserte agricole. Angalia Kasumbalesa: upande wa Zambia njia inaitwa T3, upande wetu ni RN1, lakini ni kamyo zilezile zinapita. Ukiipa daraja kubwa upande mumoja na ndogo upande mwengine, ramani inakatika kwenye mupaka.

Ndiyo maana wenye kuchora Afrika wanashauriwa kanuni moja: daraja lifuate kazi ya njia, lisifuate sura yake. Njia inaunganisha miji gani? Nani anaitegemea? Kama ni lami ao udongo, kama kuna mashimo, kama inapitika wakati wa mvula, hayo yote yanaandikwa pembeni, kila moja fasi yake. RN1 iko na sehemu ndefu za udongo, lakini inabaki njia kubwa ya inchi.

Kwa Kinkondja, jambo hili si muchezo. Ni eneo la afya ambako kolera inarudia-rudia, na mugonjwa wa kolera hangoje. Mutu akishusha daraja la njia juu ya matope, kwenye ramani Kinkondja inakuwa sawa fasi isiyofikika, na wapangaji wanaitupa pembeni. Akilipandisha bila kuandika hali ya njia, kamyo ya serumu inatumwa katikati ya mvula na inazama. Makosa ni mawili, na yote yanaumiza mutu yuleyule.

Tena kuna muto. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka pale safari iliendelea na mashua kwenye Lualaba mpaka Kongolo. Hata leo, kwa wakaaji wa pembeni ya ziwa Kisale, maji ndiyo barabara. OpenStreetMap iko na namna ya kuandika safari za bwato, lakini kama hakuna aliyeandika, telefone itatafuta njia ya inchi kavu tu. Na kwenye Kisale majani yanaelea na kuziba mapito: njia ya mwaka jana inaweza kuwa imefungwa. Satelite ya zamani haitasema hivyo. Muvuvi atasema.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wenye kuchora: musipandishe njia ya kwenu kwa sifa. Sote tunapenda kuona kijiji chetu na musitari munene, lakini musitari munene hautengeneze daraja lililovunjika. Mbele ya kubadilisha, somene yale wenzenu wa inchi walipatana. Kisha muulize dereva, mwenye moto, na mwenye bwato: inapitika miezi gani? Jibu lao liandikwe pale pale, pamoja na daraja la njia.