Motokaa ya Mombasa na Hesabu ya Forodha



Kila msimu unapokwisha na fedha za karafuu zikawa mkononi, huja ofisini kwetu watu wenye swali moja. Wauliza: je, ni kweli kwamba Mombasa motokaa zilizotumika ni rahisi, na kwamba kwa kuwa Kenya na sisi tumo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, gari la huko huingia kwetu bila ya ushuru? Sehemu ya kwanza ya swali ina ukweli kidogo. Sehemu ya pili si kweli hata kidogo, na imekwisha kumtia hasarani mwenzetu mmoja ambaye jina lake hatutalitaja, maana mwenyewe ameturuhusu tueleze mkasa wake kwa sharti hilo.

Hatumlaumu mtu kwa kutaka gari. Mwenye mikarafuu iliyo mbali na barabara ajua ilivyo taabu kungoja gari la kukodi siku ya mvua, karafuu zimo majamvini nusu kavu na wachumaji wamekaa wangoja malipo yao. Mwenye gari lake hukusanya karafuu zake, akazitia, akaondoka. Basi huyu mwenzetu, mwaka uliokuwa na mavuno mazuri, alifunga safari hadi Mombasa, akaonyeshwa na dalali gari dogo la abiria lenye nafasi nyuma ya kutia magunia, rangi yake nzuri, injini yake yavuma vizuri. Akalipa bei yote taslimu. Hakubakisha ila nauli ya meli na fedha kidogo ya matumizi, kwani aliambiwa na dalali yule yule kwamba kodi zote za gari zimekwisha kulipwa Kenya, na karatasi zipo.

Karatasi kweli zilikuwapo. Dalali hakusema uongo, ila alisema neno lisilomfaa mnunuzi wa kwetu. Gari lilipofika bandarini, mwenzetu akaletewa hesabu iliyokaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe. Akakaa siku nyingi akitafuta wa kumkopesha, huku gari li juani na gharama za kuliweka zapanda. Mwisho alichukua fedha kwa mtu kwa ahadi ya mavuno ya mwaka wa pili, na mavuno yale, kama mjuavyo mkarafuu ulivyo, hayakuwa kama ya mwaka wa kwanza. Gari akaliuza. Deni akabaki nalo.

Sasa tueleze jambo lilivyo.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya, ambao mkataba wake ulitiwa saini mwezi wa Machi 2004 na ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, uliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazotokana na nchi za Jumuiya zenyewe. Neno kubwa hapo ni kutokana. Chai iliyolimwa Kericho yatokana na Kenya. Karafuu za Pemba zatokana na kwetu. Bidhaa kama hizo hupewa cheti cha uasili, na kwa cheti hicho hupita bila ya ushuru wa forodha. Lakini gari lililoundwa Japani haligeuki kuwa la Kenya kwa kukaa Mombasa miaka kumi, kama vile mgeni hawi mwenyeji kwa kulala barazani. Likivuka kuja kwetu hutazamwa kwa asili yake, yaani gari la kigeni, na hutozwa kama la kigeni.

Na hapa ndipo penye mtego ambao wengi hawauoni. Gari hilo lilipoteremshwa Mombasa mara ya kwanza, aliyelileta alilipa ushuru wa forodha wa Kenya, na ushuru wa bidhaa, na VAT yao ya asilimia 16. Fedha hizo hakuzitoa sadaka. Alizitia ndani ya bei alipoliuza, na kila aliyelinunua baada yake alizibeba kwa kiasi chake. Basi wewe unayelinunua leo walipa sehemu ya kodi ya Kenya iliyofichika katika bei, kisha ukifika kwetu walipa kodi zetu upya. Risiti ya kodi ya Kenya ni ushahidi kwamba gari si la magendo huko. Haipunguzi hata senti moja ya hesabu ya huku.

Mwendo wa hesabu

Kodi hizi hazihesabiwi kila moja peke yake juu ya bei ya gari. Hupandana kama magunia, ya pili juu ya ya kwanza. Kwanza yachukuliwa thamani ya gari pamoja na nauli na bima ya kulifikisha. Juu ya hiyo hutozwa ushuru wa forodha, asilimia 25. Kisha thamani na ushuru hujumlishwa, na juu ya jumla hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: gari lisilozidi cc 1000 halitozwi, kutoka hapo hadi cc 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Mwisho vyote hivyo hujumlishwa tena, na juu yake hutozwa VAT. Kwa hivyo VAT yenyewe ni kodi juu ya kodi.

Lakini lililomvunja mwenzetu si mojawapo ya hizo. Ni uzee wa gari. Gari la abiria lililozidi miaka 8 tangu kuundwa hutozwa ushuru wa bidhaa mwengine juu ya ule wa injini: asilimia 15 likiwa baina ya miaka 8 na 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Miaka huhesabiwa tangu mwaka lilipoundwa kiwandani, wala si tangu lilipoandikishwa Kenya.

Fikirini basi. Kenya wao hawaruhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo gari huingia Mombasa likiwa na miaka 6 au 7, hutumika huko miaka mingine 5 au 8, na ndipo mwenyewe hulichoka na kulitoa kwa bei ya chini. Hilo la bei ya chini ndilo mwanachama wetu aonyeshwalo. Hapana shaka limekwisha kuvuka miaka 10. Yaani urahisi wake na adhabu yake vyatoka mahali pamoja.

Tuweke mfano wa magari mawili, yote ya abiria, yote ya cc 1500. Tumetumia viwango vya Bara, VAT ikiwa asilimia 18, kwa sababu wenzetu wengi hupitia mpakani Horohoro na kupakia Tanga. Atakayeteremsha Mkoani au Unguja aulize asilimia ya VAT ya Zanzibar, ambayo ni nyengine, lakini mwendo wa hesabu ni huu huu.

Gari la kwanza limezidi miaka 10, na thamani yake ya forodha ni shilingi 6,000,000. Ushuru wa forodha ni 1,500,000, jumla 7,500,000. Ushuru wa bidhaa wa injini ni 375,000. Wa uzee ni 2,250,000. Jumla sasa ni 10,125,000, na VAT juu yake ni 1,822,500. Kodi zote pamoja ni shilingi 5,947,500.

Gari la pili halijafika miaka 8, na thamani yake ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni 2,500,000, wa injini ni 625,000, wa uzee hapana. Jumla ni 13,125,000, na VAT ni 2,362,500. Kodi zote pamoja ni shilingi 5,487,500.

Someni tena mistari hiyo miwili. Gari kuukuu la milioni sita latozwa kodi zaidi kuliko gari zuri la milioni kumi. Mwenye gari kuukuu amelipa karibu shilingi kwa shilingi, na bado fundi amngoja. Wala hatukutia ndani ada ya reli, malipo ya wakala, bandari, meli, usajili na bima.

Bei ipi?

Wengine hudhani watapona kwa kumwomba muuzaji aandike bei ndogo katika karatasi ya mauzo. Twawaambia waziwazi kwamba ni kazi bure na ni hatari. Kwa magari yaliyotumika Forodha wana orodha yao ya thamani, kwa aina ya gari na mwaka wake na uchakavu wake, na fedha za kigeni hugeuzwa kwa kima walichokiweka wao. Ukileta karatasi ya bei ndogo watatazama orodha yao. Na karatasi ikionekana ya uongo, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 203, yataja kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Hilo si deni la kulipa kwa makonyo.

Kuna na wale wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba njia za usiku baina ya Pemba na Shimoni zajulikana. Tusijifanye hatuwaelewi. Visa vya magunia yaliyokwenda huko bila ya kupita kituoni vimesimuliwa tangu zamani, na waliokamatwa nao twawajua. Lakini gunia likifika huchanganyika na magunia mengine, na motokaa haina pa kuchanganyika. Ina namba katika chasisi, na itaulizwa karatasi kila siku ya maisha yake: kwenye usajili, kwenye bima, njiani na askari, na siku utakapotaka kuliuza. Chombo kilichoingia kwa magendo chaweza kutaifishwa, na mwenyewe akashitakiwa juu yake.

Vile vile tusichanganye kibali cha muda na ruhusa ya kukaa. Gari lenye namba za Kenya laweza kuingizwa kwa kibali cha siku maalumu, kama mtu amekuja kuzuru au arusini. Siku zikisha lirudi au lilipiwe. Kuliuza au kuliazima lifanye kazi ya shamba msimu mzima, hilo kibali hakimo.

Karatasi za kushika mkononi

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi ashike kadi ya asili ya gari, si nakala, na alinganishe mwenyewe namba ya chasisi iliyoandikwa na ile iliyopigwa katika chuma. Tarakimu moja ikipungua, asilipe. Muuzaji alitoe gari katika daftari la magari la Kenya kwa ajili ya kusafirishwa nje, na ipatikane hati ya polisi kwamba halikuibwa. Karatasi ya mauzo iwe na jina lake kamili kama lilivyo katika kitambulisho. Huku kwetu atafute wakala wa forodha mwenye leseni, na amtafute kabla gari halijapakiwa, kwani mzigo uliokuja kwa bahari hupewa siku 21 kuandikiwa forodha. Zikipita huhamishwa ghala la forodha, gharama huongezeka, na mwishowe waweza kupigwa mnada. Mwenzetu aliponea hapo kwa siku chache tu.

Wenye jamaa Maskati wametuuliza pia. Kwa anayerudi kuhamia nyumbani kutoka nje ya Jumuiya, sheria yasamehe ushuru wa forodha wa gari moja, ikiwa ni mali yake na amelitumia mwenyewe huko muda usiopungua miezi 12. Msamaha ni wake yeye anayehama, si wa ami yake wala shemeji yake aliyebaki hapa akataka kuletewa. Na magari ya huko, kumbukeni, usukani wake uko upande wa kushoto.

Kwa wanaotaka gari la mizigo hasa, la tani moja au mbili, hesabu ya uzee si ile tuliyoitaja ya gari la abiria, na mara nyingi huwa nyepesi. Basi mtu asinunue gari la abiria akitaraji kuling'oa viti na kulifanya la magunia kabla hajauliza hesabu ya lile la mizigo. Viwango navyo husomwa upya katika bajeti ya kila mwezi wa Juni. Anayenunua Mei na kuteremsha Julai aulize mara mbili.

Halmashauri imekubali kwamba karani wetu atamfanyia hesabu mwanachama yeyote bila ya malipo. Aje na aina ya gari, mwaka wa kuundwa, ukubwa wa injini na bei aliyotajiwa. Aje kabla hajapanda meli ya kwenda Mombasa, na fedha zake zikiwa bado mfukoni.