Watu Wasio na Vichwa: Kuielewa Sanaa ya Usasaleo

Mwaka huu nimeonelea niandike kuhusu sanaa ambayo wengi wetu tukionyeshwa hucheka kwanza, kisha tukauliza, "Ati hii nayo ni sanaa?" Jina lake ni sanaa ya usasaleo.

Wasanii wa usasa, mwanzoni mwa karne ya 20, waliamini kuwa mtu aweza kuvunja kaida zote za kale na kuunda kitu kipya kabisa. Wale wa usasaleo, waliovuma kuanzia miaka ya 1960 na 1970, hawaamini hivyo. Wao huazima. Huchukua vitu vilivyokuwako tayari, vya ikulu na vya sokoni, wakavichanganya na kuvifanyia kejeli. Mwanafalsafa Mfaransa, Jean-François Lyotard, aliandika mwaka wa 1979 kuwa alama ya usasaleo ni kutoziamini tena hadithi kuu zinazodai kueleza historia yote ya binadamu.

Maneno mazito hayo, najua. Basi tumtazame msanii mmoja tu.

Yinka Shonibare alizaliwa London mwaka wa 1962, wazazi wake Wanigeria, akalelewa Lagos, halafu akarudi Uingereza kusomea sanaa. Chuoni alifanya kazi kuhusu mageuzi ya Urusi ya wakati huo. Mwalimu wake akamuuliza mbona hafanyi sanaa halisi ya Kiafrika. Jibu lake? Alikwenda soko la Brixton, huko huko London, akanunua vitenge!

Ukiona kitenge unasema, naam, hii ndiyo Afrika. Lakini hebu sikiza. Katika karne ya 19 Waholanzi waliiga kwa mashine nguo za batiki za Java, wakitaka kuwauzia wenyeji wa huko. Biashara haikunoga. Nguo zikapendwa Afrika Magharibi, zikawa zetu. (Hata leso ya Pwani, jina lake latoka kwa Wareno.) Je, kitenge ni uongo basi? La hasha! Mamangu akivaa chake harusini, ni chake. Ila lile neno "halisi" alilolitumia mwalimu yule ndilo linaloanza kuyumba.

Sasa njooni mezani. Mwaka wa 2003 Shonibare aliunda kazi iitwayo Scramble for Africa, yaani kile kinyang'anyiro cha bara letu. Sanamu 14, kimo cha watu, zimeketi kwenye viti 14 kuizunguka meza yenye ramani ya Afrika. Zimevaa suti za mabwana wa Kizungu wa karne ya 19, lakini zimeshonwa kwa vitenge. Na hakuna hata moja yenye kichwa! Aliyesoma historia ameshaijua meza hiyo: ni Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885, mkutano ambao hakualikwa Mwafrika hata mmoja.

Nilipomweleza mwenzangu darasani alisema, "Huo ni ushonaji, bwana!" Kweli, kitambaa kilinunuliwa tu. Lakini ukitafuta ufundi wa mkono peke yake utatoka kapa. Uliza hivi: kitu hiki kimeazimwa wapi, na mbona kikawekwa hapa? Suti ni ya mkoloni. Kitenge ni cha biashara yake. Kuhusu vichwa, Shonibare ameeleza kuwa aliwakumbuka makabaila wa Ufaransa waliokatwa vichwa wakati wa mapinduzi. Mimi naongeza langu: hao wanagawa bara zima bila akili. Tarehe za Berlin nilizikariri kwa ajili ya mtihani. Sanamu hizi zilinichekesha, kisha mwili ukanisisimka.

Si kila kitu cha aina hii kinanipendeza. Mwaka wa 2019 Mwitaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa utepe huko Miami, ikauzwa dola 120,000. Anawacheka matajiri, sawa. Lakini mzaha ule ukishauelewa umekwisha. Meza ya Berlin haiishi.

Sisi tukiambiwa tuchore picha ya Kiafrika, ni mama na mtungi, twiga, na jua linatua. Kwa maonyesho yajayo ya chama nimepanga kushona tai ya shule kwa leso, maana tai yenyewe tuliiazima kwa Waingereza. Mwalimu wa zamu atasema nini, sijui.