Kupakia Mafaili ya Masomo kwa Skripti

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na sisi tunaokifundisha hapa Kigali tunahitaji kuwafikishia wanafunzi mazoezi kwa wakati. Kupakia ni kuhamisha faili kutoka kompyuta yetu hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Kupakua ni kinyume chake. Tukipakia moja moja kwa mkono, ni rahisi kusahau faili, na mwanafunzi akajiandaa kwa mtihani kwa zoezi la zamani.

Skripti ni amri zilizoandikwa ili kompyuta izitekeleze kwa mfuatano. Amri moja yatosha:

rsync -av mazoezi/ jina@seva:masomo/

Rsync, iliyotolewa mwaka 1996, hulinganisha ukubwa na tarehe za mafaili ya pande zote mbili, kisha hutuma yaliyobadilika tu. Umeme ukikatika, tunaiendesha upya, nayo hutuma yaliyobaki.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, data ipite kwa SSH, inayoisimba njiani. FTP, iliyobuniwa mwaka 1971, hupitisha nywila waziwazi. Pili, nywila isiandikwe ndani ya skripti, kwani kila aisomaye ataiona.

Wenzetu, tuanze na faili moja la majaribio.