Viatu vya Bwana Harusi

Sisi wa Uvira tunamjua Mhindi akiwa nyuma ya meza ya duka, na wengi tumemjulia ng'ambo. Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitwaa biashara za wageni, na Wahindi wengi waliokuwa wakifanya biashara Zaire, yaani Kongo ya leo, walipoteza maduka yao. Ukivuka mpaka wa Kavimvira, ukapita Gatumba na daraja la Ruzizi, unafika Bujumbura, penye mtaa ambao bado unaitwa Quartier Asiatique. Huko tunapatana bei ya nguo, tunalipa, tunarudi. Harusini kwao hatufiki, na huko ndiko wanakopatana bei kuliko popote.

Bidhaa yenyewe ni viatu. Kwa Wahindu, ndoa hufungwa mbele ya moto mtakatifu, chini ya kibanda kilichopambwa kiitwacho mandap, wala hapaingiwi na viatu. Bwana harusi akishavua vyake tu, wadogo wa kike wa bibi harusi na binamu zao huvinyakua na kuvificha. Ndugu za bwana harusi huweka walinzi, hubeba viatu kwapani, wengine huleta jozi ya pili, na mara nyingi hushindwa. Ibada ikiisha, kijana yuko pekupeku mbele ya mashemeji wanaomtajia bei. Anapunguza, wanapandisha, wazee wanacheka. Mchezo huu unaitwa juta chupai, na Waislamu wengi wenye asili ya India wanao pia. Waliotazama filamu ya Hum Aapke Hain Koun..! ya mwaka 1994 wanaukumbuka.

Kwa Wagujarati, mlango wenyewe ni mtihani. Mama mkwe humpokea bwana harusi kwa heshima zote, kisha ghafla hunyoosha mkono ambane pua! Kijana hukwepa. Wazee hueleza kwamba aliyekuja kuomba binti wa watu asiingie kwa kiburi. Kabla ya kuingia, bwana harusi huvunja kwa mguu visahani viwili vya udongo vilivyofungwa pamoja, ndiyo mikosi iliyopondwa.

Lakini kilichonivutia kuliko vyote ni fatana. Hizi ni nyimbo za matusi ya utani, na waimbaji ni wanawake. Upande wa bibi harusi huwaimbia wageni kwamba ni walafi, kwamba bwana harusi wao hana sura; upande wa pili nao hujibu. Siku nyingine maneno hayo yangeleta ugomvi, lakini siku hiyo anayenuna ndiye anayejiaibisha.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown aliandika juu ya utani mwaka 1940, na mifano yake mingi ilikuwa ya Afrika. Alisema ndoa huunganisha koo mbili na papo hapo huacha mpaka kati yao: wamekuwa ndugu, ila bado kila mmoja ana yake. Hali hiyo huzaa migongano, na jamii huipa njia mbili. Kwa wakwe wakubwa ni heshima na kujiweka mbali. Kwa mashemeji wa rika moja ni mzaha usiokasirikiwa. Ndiyo maana viatu huibwa na shemeji, haviibwi na baba mkwe.

Waswahili wanalijua jambo hili bila kufundishwa na Mhindi. Bwana harusi wa pwani huzuiwa mlangoni na wanawake wa upande wa mke mpaka atoe kifungua mlango. Kiswahili kimefika mbali zaidi: neno kupatana ni la bei na ni la amani pia. Naamini viatu vile vinafanya kazi hizo mbili kwa pamoja. Watu wawili waliowahi kubishania fedha kidogo wakicheka wana pa kuanzia siku watakapobishania jambo zito.

Kwa hiyo inaniuma ninapoona kwetu ada za mlangoni zikiandikwa kwenye orodha ya mahari, pamoja na mbuzi, vitenge na suti ya baba, na zikilipwa kwa bahasha wiki mbili kabla. Fedha zimefika, mashemeji hawajaonana. Wazazi mnaokaa kupanga harusi, ifuteni ada hiyo kwenye orodha. Iacheni mlangoni, ipatanwe palepale na vijana wenyewe.