Flashi ya nje kwenye kamera za chapa tofauti

Flashi ya nje ni taa ya kupigia picha isiyojengwa ndani ya kamera. Hupachikwa juu ya kamera au huwekwa pembeni, na hutoa mwanga mkali kwa muda mfupi sana. Watu huuliza mara nyingi kama flashi ya Nikon inaweza kutumika kwenye kamera ya Canon. Kwa kawaida itawaka, lakini kamera haitaweza kuipimia kiasi cha mwanga.

Pini

Sehemu ya kupachikia flashi katika kamera nyingi hufuata vipimo vya kiwango cha kimataifa ISO 518. Katikati pana pini moja. Reli za pembeni ndizo njia ya pili ya umeme. Shata, yaani pazia la ndani ya kamera, inapofunguka, njia hizo mbili huunganishwa na flashi huwaka. Ishara hiyo husema "waka" tu, ndiyo maana flashi ya kampuni yoyote huielewa.

Tofauti huletwa na pini ndogo za ziada. Kwa hizo kamera na flashi hupatana kuhusu kiasi cha mwanga, kwa mfumo wa TTL unaopima mwanga uliopita kwenye lenzi. Canon ilianzisha E-TTL mwaka 1995 na Nikon i-TTL mwaka 2003, kila moja kwa ishara zake. Olympus na Panasonic hutumia mfumo mmoja katika kamera zao za Micro Four Thirds, jambo ambalo ni nadra.

Minolta ilibadilisha hata umbo la sehemu ya kupachikia mwaka 1988, na Sony iliyoirithi ilirudi kwenye umbo la kawaida mwaka 2012. Canon EOS 250D ya mwaka 2019 haina kabisa pini ya katikati, hivyo flashi inayotegemea pini hiyo peke yake haiwaki. Mnunuzi aitazame kabla ya kutoa pesa.

Hatari ya flashi za zamani

Baadhi ya flashi za zamani hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye pini ya katikati. Kiwango cha ISO 10330 huitaka kamera ihimili volti 24, na umeme uliozidi uwezo wa kamera unaweza kuunguza saketi zake. Bei nafuu ya flashi ya mtumba haifidii kamera iliyoungua. Kipimo chenyewe ni rahisi: flashi ikiwa imejaa chaji na haijapachikwa, mita ya umeme huwekwa kati ya pini ya katikati na bati la pembeni la mguu wake. Flashi isifunguliwe, kwa kuwa kapasita ya ndani huweza kubaki na takriban volti 300 hata betri zikitolewa.

Kupima mwanga bila TTL

Mpiga picha huweka nguvu ya flashi mwenyewe, akitumia namba ya mwongozo iliyotajwa na mtengenezaji. Hesabu yake ni kugawanya tu: namba ikiwa 40 kwa mita katika ISO 100, na mtu yuko mita 5, basi 40 ÷ 5 = 8, na tundu la lenzi huwekwa f/8. Katika ISO 400 namba hiyo huwa 80, na tundu huwa f/16. Anayejifunza hivi huelewa mwanga kuliko anayeiachia kamera kila kitu.

Kasi ya shata isizidi ile ya kamera kupatana na flashi, mara nyingi 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ikizidi, sehemu ya picha hutoka nyeusi.

Flashi iliyo mbali na kamera

Flashi nyingine huwaka zikiona mwanga wa flashi ya kwanza. Mfumo wa TTL hutanguliza mmweko mdogo wa kupimia, nao huziwasha mapema; hivyo flashi ya kwanza iondolewe TTL. Vyombo vya redio havina tatizo hilo. Katika mfumo wa Godox X, kitumaji tu ndicho hulazimika kulingana na chapa ya kamera. Flashi ileile iliyo pembeni inaweza kupokea amri kutoka kitumaji cha Canon leo na cha Nikon kesho, pamoja na TTL.